AC inapoa asubuhi, mchana inakata: kabla hujajaza gesi, tazama klachi ya kompresa

Ndugu yangu, umeeleza vizuri: ukitoka Chumbageni saa moja asubuhi AC inatoa baridi safi, ukirudi saa saba mchana inapuliza hewa ya moto, ukiipumzisha gari nusu saa baridi inarejea. Fundi kasema gesi imepungua, anataka ajaze. Nakuomba usimpe hela bado. Gesi ikishavuja imevuja, haiendi mchana ikarudi jioni. Dalili hiyo hiyo nilikaa nayo miezi minne kwenye Premio yangu, na kilichokuwa kimechoka ni klachi ya kompresa, yaani kile kifaa kinachoinasisha na kuiachia pampu ya AC.

Mama yangu anaishi Pangani, na kila mwezi nilikuwa namleta Tanga kliniki ya presha. Wakati huo kipande kikubwa cha ile barabara bado ni vumbi, vioo havifunguliki. Ukifungua, anakohoa mpaka mjini. Alfajiri tunakuja ndani kuna baridi kama Lushoto. Kurudi sasa, jua la mwezi wa pili, tukikaribia Kigombe AC imeshakufa. Mama ananiambia, "Mwanangu, fungua tu kioo," na huku ameshajiziba pua kwa mtandio.

Nilijaza gesi mara mbili, gereji mbili tofauti, shilingi 60,000 kila mara. Wote waliipokea gari asubuhi, imepoa, wakaongeza gesi, baridi ikatoka, nikalipa nikaondoka. Mara ya pili ikawa imezidishwa, injini ikawa inaelemewa nikisimama kwenye foleni. Kosa lao lilikuwa moja: hakuna aliyeitazama gari ikiwa katika hali ninayoilalamikia.

Aliyenitoa ni mzee mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, fundi umeme wa magari. Nilimwamkia, nikamweleza, akaniuliza swali moja tu: "Mjomba, ikikata, umewahi kufungua boneti?" Sikuwahi. Akaniambia niiache inaunguruma juani, AC imewashwa mwisho, tukae tusubiri. Dakika kama arobaini. Ilipokata akanionyesha kwa kidole: puli ya kompresa inazunguka, lakini ile sahani ya chuma iliyo mbele yake imesimama tuli. Akachukua mpini wa nyundo akaisukuma sahani taratibu kwa mbele. Ta! Ikanasa, mlio wa injini ukashuka kidogo, na haikupita muda baridi ikatoka. Geji ya gesi hakuigusa kabisa.

(Ukitaka kujaribu hilo, tumia kijiti kirefu kikavu, usikae mkanda ulipo, na usiwe na kanzu, shuka wala mikono mirefu. Feni ya rejeta inajiwasha yenyewe bila taarifa.)

Sababu yake ni hii. Puli inazungushwa na mkanda muda wote injini ikiwaka, AC iwe imewashwa au imezimwa. Nyuma ya puli kuna koili, mafundi wengi wanaiita sumaku. Ukibonyeza kitufe cha AC, volti 12 zinaingia kwenye sumaku, inaivuta sahani igandamane na puli, ndipo kompresa inapozunguka. Kati ya sahani na puli kuna nafasi ndogo sana, kwa gari ndogo nyingi ni kati ya milimita 0.3 na 0.6. Kila inaponasa na kuachia, chuma kinalika kidogo, na kwa miaka nafasi inapanuka. Sasa ongeza joto. Waya wa shaba ukipata joto ukinzani wake unapanda, takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Sumaku ikipanda nyuzi 60, umeme unaopita umepungua kama sehemu ya tano, na mvuto umepungua nao. Asubuhi ina nguvu ya kuivuta sahani iliyo mbali. Saa saba haina.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuisubiri ikate, halafu ufungue boneti hapo hapo barabarani. Sahani ikiwa inazunguka na bado hakuna baridi, tatizo liko kwingine. Ikiwa inanasa na kuachia haraka haraka, kila baada ya sekunde chache, hapo gesi pungufu ni jambo la kwanza kulishuku. Ikiwa upepo wenyewe ndio unapungua kidogo kidogo, huenda barafu imeganda kule ndani ya dashibodi. Zima AC, acha feni tu, utaona upepo unarudi. Lakini sahani ikiwa imesimama, chukua mita ya umeme upime kwenye soketi ya waya wa sumaku. Volti 12 zipo na sahani haijanasa? Ni klachi. Hakuna umeme kabisa? Rudi nyuma: fyuzi, relei, swichi ya presha, feni ya rejeta. Relei nayo ikichoka inaweza kukata gari ikiwa ya moto, ndiyo maana usiruke kipimo hiki.

Ukitaka kuhakikisha zaidi, zima gari, chomoa waya, pima ukinzani wa sumaku. Nyingi zinasoma ohmu 3 mpaka 4. Mita ikionyesha ukinzani usio na mwisho, waya umekatika ndani.

Na mtu akikuwekea geji akakuonyesha "psi 97, gesi ipo ya kutosha", jua kwamba gari iliyozimwa ikapoa, kwenye joto la nyuzi 30, gesi ya AC aina ya R134a husoma hapo hapo iwe imejaa au imepungua, mradi kuna gesi ya majimaji ndani. Namba hiyo haikuambii kiasi.

Tiba ya kwanza ni nafuu sana. Mzee alipima nafasi kwa vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia, fila geji. Yangu ilisoma milimita 0.95. Akafungua bolti ya katikati, akaitoa sahani. Uso wake ulikuwa na mistari ya mviringo na madoa ya bluu ya kuungua, kama kikaango kilichosahauliwa jikoni. Nyuma yake, kwenye shimo la shafti, kulikuwa na washa mbili, yaani vipete bapa vyembamba vya chuma vinavyopanga hiyo nafasi, ya 0.5 na ya 0.1. Akatoa ya 0.5, akarudisha sahani, akapima sehemu tatu kuzunguka: 0.45. Chini ya saa moja, gesi haikutoka hata kidogo. Kuwa mwangalifu na hizo washa, zinanata kwenye grisi zikadondoka mchangani usizione tena. Na usitoe mpaka nafasi ikaisha: sahani ikigusa puli muda wote itaungua.

Nilitembea hivyo miezi saba, Pangani kwenda na kurudi, mama anasinzia mpaka nyumbani. Halafu ukaja mlio wa kusaga, AC ikiwa imezimwa. Hiyo ni beringi ya puli. Mlio unaokuja pale tu AC inapowashwa mara nyingi ni wa kompresa yenyewe, na huo ni msiba mwingine. Mimi nakaa karibu na Raskazone, upepo wa chumvi usiku kucha. Beringi tulipoitoa ilikuwa na kutu ya rangi ya tangawizi mpaka ndani.

Safari hii tulibadilisha seti nzima: sahani, puli na sumaku. Kabla ya kununua chochote, zima gari uzungushe sahani kwa mkono. Lazima izunguke, hata kama ni nzito kidogo. Ikigoma, kompresa imeshika, klachi mpya haitakusaidia. Na ukienda dukani beba ile ya zamani mkononi. Hesabu mifereji ya puli, linganisha upana na soketi ya waya. Ya mtumba ni sawa, ila sumaku ipimwe ohmu palepale na puli uizungushe sikioni.

Kwenye Premio nafasi ni finyu. Tulitoa tairi la mbele kulia na kinga ya chini, tukalegeza mkanda, tukafungua kompresa kwenye bolti zake na kuisogeza, mipira yake ya gesi ikiwa imefungwa vile vile. Fundi akikwambia lazima amwage gesi ili kubadilisha klachi, muulize kwa nini. Puli inashikwa na pete ya chuma, sumaku ina pete yake nyuma. Pete ukizirudisha, upande uliokatwa mshazari uangalie nje, na kile kipini cha sumaku kiingie kwenye tundu lake, la sivyo itakaa upande na kusuguana na puli. Bolti ya katikati ni ndogo, usiikaze kama nati ya tairi. Pima tena nafasi, kisha washa na kuzima AC kama mara ishirini ili nyuso mbili zizoeane.

Kama huna mita wala fila geji, njoo Ngamiani jioni yoyote, niandikie kwanza nikuelekeze na nimwambie mzee. Ila njoo moja kwa moja kutoka safari, gari ikiwa ya moto na AC imeshakata. Usipite nyumbani kuipumzisha, ikipoa haitatuonyesha kitu.