Je, kimo cha jengo kinaingia kwenye hedi ya pampu ya maji baridi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasanifu mfumo wa maji baridi ya kupozea hewa kwa jengo la mita 40. Pampu na mtambo wa kupozea maji viko chini kabisa, na mashine za hewa ziko kila ghorofa. Nilijumlisha mita 40 za kimo na mita 22 za msuguano, nikapata hedi (presha ambayo pampu inaongeza, ikipimwa kwa mita za maji) ya mita 62. Anayenisimamia amefuta zile 40 bila maelezo. Sasa maji yatafikaje juu?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako yuko sahihi, ila alipaswa kukwambia sababu, maana ukibadilisha namba bila kuelewa utairudia kwenye mradi ujao.

Mfumo wako umefungwa na umejaa maji. Kila kilo inayopanda, kilo nyingine inashuka upande wa pili na kuisaidia. Pampu hainyanyui chochote, inapambana na msuguano tu.

Siku ya majaribio utaliona hili kwa macho. Pampu ikiwa imezimwa, soma geji mbili za presha zilizo kimo kimoja, ya maji yanapoingia kwenye pampu na ya yanapotoka. Zote zitaonyesha presha ileile, kama baa 4.4: baa 3.9 za uzito wa maji, na nusu baa uliyoiacha kileleni ili hewa isiingie. Washa pampu. Tofauti ya geji hizo ndiyo hedi, na haina habari na idadi ya ghorofa.

Tufanye hesabu. Upoozaji wa kilowati 500, maji yakitoka nyuzi 7 na kurudi nyuzi 12, unahitaji takriban lita 24 kwa sekunde. Kwa mita 22 na ufanisi wa asilimia 70, pampu inakula kilowati 7.4. Kwa mita 62 inakaribia kilowati 21. Tena pampu hiyo haitatulia pale ulipoichagua: ikikuta upinzani mdogo itasukuma maji mengi kupita kiasi, vali zitapiga kelele, na mota inaweza kuzidiwa. Fundi atabana vali ya kusawazisha, mambo yatatulia, na mwenye jengo atalipia umeme unaofia kwenye vali miaka yote. Heri wakipunguza mwendo wa mota, kwani kwenye asilimia 80 ya mwendo, nguvu inabaki karibu nusu.

Lakini usiitupe ile 40, ihamishie panapohusika. Anayejaza mfumo lazima afikishe zile baa 4.4, na hiyo ni kazi ya pampu ya kujazia. Pia, pampu ya mzunguko ikiwaka, presha upande wake wa kutokea inafika baa 6.6. Vifaa vya baa 6 havifai hapo, chukua vya baa 10. Na ukiona ghorofa ya juu haipoi, kabla hujailaumu pampu panda na geji. Ikisoma sifuri, kule juu kuna hewa, mzunguko umekatika, na dawa ni kujaza maji na kutoa hewa. Nimeona watu wakinunua pampu kubwa kwa tatizo la namna hii.

Hizo mita 22 nazo zikague. Unajumlisha njia moja tu, ile yenye upinzani mkubwa kuliko zote: bomba la kwenda na kurudi, koili (mabomba ya maji baridi ndani ya mashine ya hewa), vali na mtambo wenyewe. Si lazima iwe ya ghorofa ya juu. Mashine yenye koili ya upinzani mkubwa ghorofa ya tatu inaweza kuipita.

Kimo kinahesabiwa pale maji yanapokutana na hewa, kwa mfano pampu inayopeleka maji ya matumizi kwenye tangi la paani. Hapo mita zako 40 ni halali. Kama mtambo wako unapozwa kwa mnara wa kupozea maji, saketi hiyo nayo iko wazi, ila unahesabu kimo kutoka usawa wa maji ya beseni la mnara hadi kwenye vinyunyizio, pamoja na presha vinavyohitaji. Mnara ukiwa paani na pampu chini, jengo lote katikati halihesabiwi.