Eti mifuko ya misaada ya familia za Kiyahudi inasaidia Wayahudi tu?

Hapana ndugu yangu, hapo kwenye "wanasaidiana wenyewe tu" nakupinga kabisa. Mwangalie Julius Rosenwald, Myahudi wa Chicago aliyetajirika na kampuni ya Sears, ile iliyokuwa inauza vitu kwa katalogi. Kwa Wayahudi alitoa kweli, vita ya kwanza ya dunia aliahidi dola milioni 1 kwa Wayahudi waliokuwa wanateseka Ulaya, lakini mfuko wake alioanzisha 1917 kazi yake kubwa ilikuwa shule za watoto weusi kusini mwa Marekani, majengo zaidi ya 5,000 hayo, na kazi hiyo aliianza hata kabla ya mfuko, akiwa na Booker T. Washington, kiongozi mweusi aliyekuwa mkuu wa chuo cha Tuskegee. Halafu hakuwa anamwaga tu hela, ilikuwa kama harambee zetu, wanakijiji wachange chao, serikali nayo iweke, ndiyo yeye anaongezea. Ramani zenyewe zilikuwa na madirisha marefu yamepangwa yapate jua la mashariki na magharibi maana sehemu nyingi umeme haukuwepo, mi hapo ndo namheshimu zaidi, mtu alifikiria mtoto atasomaje. Na sanaa pia, mchoraji mweusi Jacob Lawrence alichora zile picha 60 za weusi wanaohamia kaskazini kwa ufadhili wa mfuko huo, mshairi Langston Hughes naye alipata ufadhili. Rosenwald hakutaka pesa ikae milele benki, akaagiza zote zitumike, mfuko ukafungwa 1948.