Jibu: Majibu ya maabara ya mzee baada ya kutolewa tezi dume

Pole kwa kuuguza, ndugu. Nimekuelewa: mzee katolewa tezi dume, karatasi ya maabara inasema Gleason (alama ya ukali wa seli za saratani) 3+4, pT3a (hatua ugonjwa ulipofikia), na ukingo wa nyama iliyokatwa una seli za saratani, nanyi nyumbani mmeshaanza kulia msiba. Subirini kwanza.

3+4 si sawa na 4+3, ingawa zote ni 7. Namba ya kwanza ndiyo aina ya seli iliyotawala, na ya mzee ni ile iliyo pole zaidi. pT3a maana yake ugonjwa umevuka ganda la tezi ila haujaingia kwenye vifuko vya shahawa. Ukingo wenye seli unaongeza uwezekano wa kurudi, lakini wapo wengi wenye jibu hilo ambao haukurudi. Muulizeni daktari ni milimita ngapi zimeguswa, na kama tezi za limfu zilipimwa.

Kinachoamua sasa ni PSA, kipimo cha damu cha protini inayotengenezwa na tezi dume. Ipimwe wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji, maabara ileile kila mara. Inatakiwa iwe chini ya 0.1 ng/mL. Ikifika 0.2 na kipimo cha marudio kikathibitisha, muoneni mtaalamu wa mionzi mapema, msingoje ifike 2. Na wauza mitishamba ya "kusafisha tezi" waambieni tezi yenyewe haipo tena.

Mkojo kuvuja miezi ya mwanzo ni kawaida. Ila ukiziba, homa ikipanda, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.