Ile Njano Si Uchafu

Super Nintendo yetu, mashine ya michezo ya video, aliileta mjomba kutoka Marekani miaka ya 1990. Nilipoitoa kabatini miaka kadhaa iliyopita, nusu ya juu ilikuwa njano kama meno ya mvuta kiko, nusu ya chini bado kijivu vilevile. Ningetuliza akili ningejua, maana vumbi halichagui nusu. Badala yake nikachukua sabuni ya unga na steelwool, nikasugua jioni nzima. Njano ilibaki. Kilichoondoka ni ngozi ya plastiki yenyewe, na hadi leo ubavu mmoja unang'aa kama umepakwa mafuta.

Njano hiyo imo ndani ya plastiki. Vifaa vingi vya zama zile viliundwa kwa plastiki iitwayo ABS, ikachanganywa na kemikali zenye bromini ili isishike moto upesi. Mwanga, joto na hewa vikiifanyia kazi miaka mingi, inageuka. Mchanganyiko ukitofautiana kidogo tu, vipande viwili vya mashine moja vinazeeka kila kimoja kivyake.

Dawa yake ni haidrojeni peroksaidi, ikisaidiwa na jua. Nenda duka la vipodozi, ulizia krimu inayochanganywa na rangi ya nywele, chupa iliyoandikwa 40 vol, yaani asilimia 12. Muuzaji akikutazama kichwani, mwache.

Kwanza fungua mashine. Skrubu za Nintendo hazikubali bisibisi ya kawaida. Zinataka bisibisi maalumu ya milimita 4.5. Mimi niliyeyusha ncha ya ganda la kalamu ya Bic, nikaikandamiza ndani ya tundu hadi ikapoa, kisha nikazungusha polepole. Toa bodi, springi na kila kipande cha chuma. Stika zibandue, la sivyo zitapauka.

Vaa glavu na miwani. Nilidhani ni mbwembwe za watu wa YouTube, hadi ncha za vidole zikageuka nyeupe na kuwasha usiku kucha.

Nikapaka krimu kwa brashi, nikafunga kwa nailoni ya jikoni, nikaanika juani, nikaenda zangu sokoni. Kosa. Krimu ilikauka pale nailoni ilipojikunja, na kifuniko kikatoka na michirizi myeupe kama ramani ya mito. Ukitumia krimu, kaa hapohapo. Kila baada ya nusu saa geuza na uongeze nyingine.

Siku hizi naloweka tu. Peroksaidi ya maji ya duka la dawa, hata ya asilimia 3, beseni linalopitisha mwanga, kipande kizame chote. Inachukua siku kadhaa badala ya saa kadhaa, lakini rangi inatoka sawasawa. Toa mapovu yanayonata, maana kila povu huacha doa. Usifunge chombo kikakaza: peroksaidi hutoa gesi, na chombo kinaweza kupasuka. Jua la saa saba mchana ni kali, hivyo mimi huweka beseni kivulini maji yakianza kuchoma, nisije nikapata kifuniko kilichopinda.

Yangu ilitoka safi, ukiacha ile michirizi. Ndani ya miaka 3, ikiwa kabatini gizani, juu ikaanza tena kuelekea rangi ya pembe za ndovu. Nusu ya chini, ambayo sijawahi kuigusa, bado kijivu.