Baiskeli ya milimani: inatoka wapi, na je niagize nje?

Swali: Mimi ni mwalimu, naishi Tukuyu, na shule yangu iko juu kuelekea Isongole. Nataka baiskeli ya milimani. Wenzangu wanasema nitafute ya Marekani kwa sababu za China hazidumu. Zinatengenezwa wapi hasa? Niagize mtandaoni, au ninunue mtumba wa Japani?

Jibu: Mwalimu, habari za huko. Hilo la Marekani lisikusumbue. Trek ni kampuni ya baiskeli ya Wisconsin, Marekani, lakini fremu zake nyingi hutengenezwa Asia. Kampuni za Giant na Merida ni za Taiwan, zote zilianzishwa mwaka 1972, na zote mbili zimetengeneza baiskeli zinazouzwa kwa majina ya kampuni nyingine. Giant iliwahi kuitengenezea Schwinn, kampuni ya baiskeli ya Chicago, Marekani. Gia nazo mara nyingi ni za Shimano, kampuni iliyoanza Sakai, Japani, mwaka 1921. Kiwanda kimoja cha China kinaweza kutoa baiskeli imara na nyingine dhaifu, kutegemea mnunuzi amelipia daraja gani.

Mimi ningekuomba uangalie zaidi tairi. Watu wengi huuliza "ni namba 26?" na kulipa. Namba 26 ziko zaidi ya moja! Baiskeli ya milimani ya 26 ina rimu yenye kipenyo cha milimita 559, lakini ile ya mjini ya Kijapani, iliyoandikwa 26 x 1 3/8, ina 590. Tairi ya moja haiingii kwenye nyingine hata ukiisukuma kwa nguvu zote. Phoenix zetu za 28 x 1 1/2 ni 635, na za 29 ni 622. Ubavuni mwa tairi kuna maandishi madogo kama 54-559: namba ya kwanza ni upana, ya pili ni rimu. Isome hiyo, kisha pita kwa wauza vipuri wa Tukuyu na Mbeya mjini uone kama wanayo. Wasipokuwa nayo, achana na baiskeli hiyo hata kama bei inavutia.

Breki nazo zipe uzito, maana kwenu mvua ni nyingi na mteremko ni mrefu. Mpira wa breki unaobana rimu huliwa haraka na tope, kwa hiyo chukua za diski. Ila chukua diski zinazovutwa na waya. Za mafuta zinashika vizuri sana, lakini Shimano hutumia mafuta ya madini na kampuni nyingine hutumia ya DOT, aina ya mafuta ya breki za magari. Fundi akikosea kuyaweka, mipira ya ndani inaharibika. Waya wa breki utaupata hata sokoni.

Mtumba wa Japani siukatai. Wengi waliutunza vizuri. Kama fremu ni ya alumini, kagua maungio ya mbele, chini ya usukani, kwa tochi. Ukiona ufa, usinunue: alumini ya fremu ikichomelewa huhitaji kupashwa moto upya kwa utaratibu maalumu ili irudishe nguvu, na mafundi wetu wa kuchomelea hawana tanuri hiyo. Chuma kinachomeleka hapa hapa.

Kuagiza nje kwa ndege ndiko kunakowaumiza watu. Boksi la baiskeli la sentimita 140 kwa 80 kwa 25 linaweza kuwa na kilo 15 tu, lakini wasafirishaji wengi wa haraka huzidisha vipimo hivyo na kugawa kwa 5,000. Hapo unalipia kilo 56. Kwa meli boksi hilo hilo ni mita za ujazo 0.28, na mawakala wa Kariakoo wanaokusanya mizigo kutoka China hutoza kwa ujazo. Inachelewa, lakini nauli inabebeka. Kumbuka kwa mzigo wa meli forodha hukokotoa kwenye jumla ya bei, bima na nauli hadi Dar es Salaam, si bei ya dukani peke yake. Ushuru unaongezwa hapo, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya vyote. Mwombe wakala akuandikie hesabu yote kabla hujatuma hela, pamoja na gharama ya lori hadi Mbeya.

Kwa safari yako, ningenunua mtumba wenye rimu ya 559, breki za diski za waya na gia 8 nyuma. Cheni ya gia 8 bado ni rahisi kupata. Kabla ya kulipa ijaribu kwenye kilima, ukiwa na mzigo uleule unaobeba kwenda shule.