Furaha baada ya kutubu
Dada umeuliza mbona ulitubu Jumapili na bado ile furaha ya ibada huisikii. Mimi nilikaa hivyo mwaka mzima, naruka kwa sifa mpaka jasho alafu Jumatatu niko soko ya Kibuye, Kisumu, nauza mahindi nikipima na gorogoro (mkebe wa kupimia) nimebonyeza chini ndio ibebe kidogo 😅 Soma Luka 19, Zakayo, yule mtoza ushuru, alimpokea Yesu kwa furaha kwanza, kurudishia watu aliowapunja mara nne ikafuata na hakuna mtu alimlazimisha. Nikanunua gorogoro mpya nikaanza kuwaongezea wale kina mama nilikuwa nawapunja, mmoja akaniuliza kama niko mgonjwa. Hiyo jioni nikirudi nyumbani Nyalenda nilikuwa naimba kwa njia, machozi tu. Sasa wewe, kuna mtu uko na deni yake?