Ukipata mwaliko wa utafiti Ujerumani, tafuta anwani kwanza

Kila anayepata mwaliko wa kwenda kufanya utafiti Ujerumani huja kuniuliza habari za baridi. Baridi ni jambo dogo, koti utalikuta huko huko. Kinachowatesa watafiti wageni ni pa kulala, na zaidi ya pa kulala ni anwani. Mimi nilikaa Konstanz, mji ulio ukingoni mwa ziwa Bodensee, nikishughulika na samaki wa ziwa Tanganyika, na tangu nirudi Kigoma nimegeuka dalali wa bure. Acha niyaandike mara moja yaishe.

Sheria ya kule inakutaka ujisajili kwenye ofisi ya mji ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Wanaita Anmeldung. Ni kama barua ya mwenyekiti wa mtaa, ila hii ikikosekana mambo yote yanasimama: benki nyingi hazikufungulii akaunti, kibali cha ukaazi kinakwama, na posho yako inabaki ilipo kwa kuwa hakuna pa kuiingiza. Ili usajiliwe, mwenye nyumba lazima akupe hati ya kuthibitisha kwamba umehamia kwake, Wohnungsgeberbestätigung. Jina ni refu, linakili kwenye simu kabisa. Sasa wapo wanaopangisha vyumba kinyemela, na hao hati hiyo hawaitoi. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mwenye chumba lisiwe bei. Muulize: nikihamia hapo nitaweza kujisajili? Akianza kuzungukazunguka, mshukuru, tafuta mwingine.

Wa kumsumbua ni katibu wa profesa wako. Profesa mwenyewe atakujibu kwa upole kwamba mji ni mzuri. Katibu ndiye anayejua nyumba ya wageni ya chuo ina nafasi lini na nani ofisini anaondoka mwezi ujao akaacha chumba. Mwandikie siku ile ile barua ya mwaliko inapofika, hata kama viza hujaomba. Nyumba za wageni za vyuo zina vitanda, vyombo na hati ya usajili bila maneno mengi, lakini ni chache na zina ukomo wa kukaa. Ukipewa miezi miwili tu, chukua. Ukiwa kule kule, kutafuta chumba kingine ni rahisi zaidi.

Na kama unaruhusiwa kuchagua tarehe, usifike Septemba wala Oktoba. Muhula wa baridi unaanza, wanafunzi wamejaa mjini kila mmoja na begi lake, wote wanagombea chumba kile kile. Machi afadhali. Wanafunzi wako likizo, wengine wamekwenda mafunzo ya kazi mji mwingine na wanapangisha vyumba vyao kwa muda, pamoja na kitanda na meza. Hicho ndicho mtafiti wa miezi michache anakihitaji. Nyumba tupu ya kule ni tupu kweli: unaweza kukuta jiko halipo, na darini zinaning'inia nyaya tu, taa mpangaji wa zamani kaondoka nazo.

Tuje kwenye pesa. Hapa Kigoma, iwe Mwanga au Katubuka, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa mkononi, na dalali naye anataka chake. Kule kodi ni ya mwezi kwa mwezi, lakini kuna amana, Kaution. Sheria imeiwekea ukomo, isizidi kodi tupu ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi. Hilo la mafungu hutaambiwa mpaka uliseme wewe. Kwenye tangazo utakuta bei mbili. Kaltmiete ni kodi tupu; Warmmiete imeongezewa joto, maji, taka na mengineyo. Piga hesabu kwa hiyo ya pili, kisha uulize umeme na intaneti, maana mara nyingi viko nje ya zote mbili. Halafu kuna ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, uwe na televisheni au usiwe nayo. Ukishajisajili tu, barua yao inakufuata. Kwenye nyumba ya kuchangia mmoja akilipa inatosha, kwa hiyo waombe wenzako namba yao ya malipo uwajibu nayo.

Fedha ya mwezi wa kwanza nenda nayo: kodi, fungu la kwanza la amana, na chakula. Posho ya wafadhili haitakutangulia mlangoni.

Na matapeli wanajua yote hayo, wanajua uko mbali na una haraka. Kuna mdogo wangu wa Tabora, mtu wa nyuki, alinitumia tangazo WhatsApp. Vyumba viwili katikati ya Munich, jiko jeupe linang'aa, balkoni, euro 450 pamoja na kila kitu. "Kaka, nimepata!" Nikamwambia Munich kwa hela hiyo ukipata chumba kimoja cha kuchangia jiko umshukuru Mungu. Huyo mwenye nyumba eti yuko kazini London, hawezi kuja kuionyesha. Atumiwe amana kwanza, funguo zitakuja kwa posta, na nyumba isipompendeza dogo atarudishiwa chake. Mwenye nyumba huyo alishatuma na picha ya pasipoti, ili aaminike. Nikasema, "Mwambie una rafiki Munich, atapita kesho kuiona." Mwenye nyumba akanyamaza hadi leo. Tumia dawa hiyo hiyo: omba mtu wa maabara unayokwenda akuangalizie, au mwenye chumba akuonyeshe kwa video huku akifungua madirisha na bomba. Kabla ya hapo na kabla ya mkataba, usitume hata senti.

Kwenye mitandao kama WG-Gesucht vyumba vya kuchangia hugombewa, na wakaaji ndio wanaochagua. Barua ya kuomba chumba isiwe kama maombi ya kazi. Eleza unapika nini, unaamka saa ngapi, unatoka wapi. Mimi nilitaja meli yetu ya MV Liemba, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma na kushushwa majini 1915. Wengi hawajawahi kuisikia, na wakisikia wanataka kuongea. Wenyeji walinionyesha Bodensee yao kwa fahari, kina mita 250. Nikawaambia la kwetu ni mita 1,470, tukaanza kuzungumza kama majirani.

Siku ya kukabidhiwa funguo, pita chumba kizima na mwenye nyumba mkiandika kila mkwaruzo, piga picha, wote mtie sahihi. Ndiyo kinga ya amana yako. Ukibeba mawese, ogopa ukuta mweupe na meza nyeupe za jikoni, doa lake halitoki na litahesabiwa. Dirisha lifunguliwe kila siku hata kwenye baridi, la sivyo ukungu unaota ukutani na lawama ni yako. Baada ya saa nne usiku, na Jumapili nzima, hakuna kugonga misumari.

Ukiondoka, fanya makabidhiano kwa maandishi tena. Amana hairudi siku hiyo. Mwenye nyumba anaweza kuishikilia kwa miezi akisubiri hesabu za maji na joto. Kwa hiyo akaunti ya kule usiifunge mpaka pesa iingie, na umwachie anwani yako ya barua pepe, si ile ya chumba unachokihama.